Swali kwanza, kifaa baadaye: jinsi tunavyowafuatilia samaki bapa waitwao taa

Manta wa bahari kuu, aina mojawapo ya taa, huzaa mtoto mmoja tu, baada ya mimba ya takriban mwaka mzima, kisha huweza kukaa miaka kadhaa bila kuzaa tena. Akivuliwa jike mmoja, pengo lake halizibiki upesi. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, yumo miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, na chanzo kikubwa ni uvuvi, ukiwemo ule unaowinda matamvua yake yanayouzwa kama dawa. Kwa hiyo mimi sikubali kifaa chochote cha kuwafuatilia kitolewe kwenye boksi kabla hatujakubaliana tunatafuta nini.

Tukitaka kujua taa hurudi mara ngapi kwenye mwamba fulani, tunamfunga kifaa kinachotoa mlio wenye namba yake. Vipokezi tulivyovitega chini ya bahari huunasa mlio huo anapopita umbali wa mita mia chache. Asipopita karibu navyo, hatujui aliko.

Safari ndefu zinahitaji setilaiti, na hapo maji ya chumvi yanatubana kwa sababu mawimbi ya redio hayapenyi. Kifaa kinabaki mwilini kikirekodi kina, joto na mwanga. Tarehe tuliyokipangia ikifika kinajiachia, kinaelea juu na kutuma kumbukumbu zake. Nyakati za macheo na machweo ndizo zinazotusaidia kukadiria mnyama alikuwa wapi, ila makadirio hayo huweza kupotoka hata kilomita mia moja. Naumia nikiona ramani ya namna hiyo ikitumiwa kuchora mpaka wa hifadhi ndogo. Nguvu ya kifaa hiki iko kwenye kina. Huko Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki, manta wa miamba, ambao ni aina nyingine ya manta, walirekodiwa wakizama hadi mita 672, na hao ndio tuliozoea kuwaona karibu na uso wa maji. Ulinzi unaoishia kwenye mwamba hauwafuati huko chini.

Kuchukua sampuli ya mwili nako kuna masharti yake. Kwanza tunapiga picha ya tumbo, maana mabaka ya kila manta ni yake peke yake na hutuepusha kumchoma mmoja mara mbili. Kisha, akiwa anaogelea, mzamiaji humgusa kwa mkuki wenye ncha yenye tundu, nyuma ya bawa, mbali na kichwa na matamvua. Kinachotoka ni kipande kama punje ya mahindi. Sehemu yake huingia kwenye ethanoli kwa ajili ya vinasaba; nyingine hugandishwa ili tusome chakula chake kupitia isotopu za nitrojeni, yaani atomi za nitrojeni zinazotofautiana uzito. Mwili wa taa umejaa urea, kemikali ile iliyomo pia kwenye mkojo, nayo ina nitrojeni nyingi, hivyo maabara isipoisuuza kwanza, majibu hupotoka na kipande kimepotea bure. Tukihitaji vinasaba tu, utelezi wa ngozi uliokusanywa kwa mswaki unaweza kufaa. Mimi huanza na mswaki.

Kwa nyenga, taa wenye mwiba mkiani, wanaopandishwa chomboni, tunaufunika mwiba na kupitisha maji mfululizo kwenye matundu mawili nyuma ya macho, maana ndiyo wanayovutia maji ya kupumua. Majike wenye mimba huweza kuharibu mimba kwa mshtuko wa kukamatwa tu. Tumbo likionekana limejaa, hatumpimi wala hatumfungi chochote. Anaachiwa hapohapo, hata kama ndiye pekee tuliyempata siku hiyo.