Kusaidiwa kufa kwa mgonjwa asiyepona: maswali ninayoulizwa na ninavyojibu

Mimi ni nesi wa tiba shufaa, yaani ile huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena. Tangu habari za bunge la Uingereza zianze kutembea kwenye simu za watu naulizwa wodini, kwenye daladala, hata msibani, eti sista kwani na sisi si turuhusu tu watu wapumzike? Nijibu taratibu, maana aliyeuguza mtu swali hili hulitoa na machozi.

Kusaidiwa kufa ni nini hasa?

Ni pale mtu mzima mwenye akili timamu, mwenye ugonjwa ambao madaktari wamesema utamuua, anaomba mwenyewe dawa ya kumaliza maisha yake na sheria ya nchi inaruhusu. Kuna sehemu dawa anaandikiwa halafu anakunywa kwa mkono wake mwenyewe, mfano jimbo la Oregon kule Marekani, na kuna sehemu daktari anaweza kuchoma sindano yeye, kama Uholanzi na Ubelgiji ambao sheria zao ni za mwaka 2002, hiyo ya sindano ndo inaitwa yuthanasia.

Hapa watu wanachanganya sana na wanaoumia ni wagonjwa. Mgonjwa akisema kemo (zile dawa kali za kansa) basi, nimechoka, nataka kurudi nyumbani, huko sio kusaidiwa kufa. Madaktari na familia wakikubaliana kutoa mashine ya kupumulia ambayo haimsaidii kitu tena, huko pia sio, ugonjwa ndio unamchukua. Nimeona ndugu wakimlazimisha mzee wao kwenye rufaa ya tatu na ya nne kwa kuogopa wataambiwa wamemuua, na mzee mwenyewe alishasema hataki.

Wabunge wa Uingereza walipitisha nini?

Muswada wa mbunge Kim Leadbeater, uliohusu England na Wales, kwa watu wazima ambao hawatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 6. Juni 20, 2025 wabunge waliunga mkono 314, wakakataa 291. Angalia hiyo tofauti, kura 23 tu. Kwenye muswada ule ombi linapita kwa madaktari wawili, kisha jopo la mwanasheria, daktari wa magonjwa ya akili na ofisa ustawi wa jamii. Ila kura ile peke yake haifanyi iwe sheria, ilikuwa lazima ipite na kwa Malodi, yaani baraza la juu la bunge lao, kwa hiyo anayekwambia siku ile ile Waingereza wameanza kupewa dawa anakudanganya.

Sehemu ambazo imeruhusiwa siku nyingi imekuwaje?

Oregon ndio ya kuangalia maana wana miaka mingi. Wananchi walipiga kura 1994, ikapigwa danadana mahakamani, ikaanza kutumika 1997. Masharti ni miezi 6 au chini, madaktari wawili, ombi la mdomo mara mbili na la maandishi lenye mashahidi, na daktari analazimika kumueleza mgonjwa njia nyingine zilizopo, ikiwemo hospisi (huduma ya kumtunza mtu anayekaribia kufa) na dawa za maumivu.

Kuna mambo mawili kule yalinifanya nifikiri upya. La kwanza, karibu theluthi moja ya wanaoandikiwa ile dawa hawaitumii kabisa, wengi wanakufa kwa ugonjwa wenyewe, yaani mtu alitaka tu ajue mlango upo. La pili ni sababu wanazotoa. Ungedhani ni maumivu, kumbe maumivu yako chini kwenye orodha, juu kuna kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo yao, kushindwa kufanya vile walivyovipenda na kupoteza heshima, na zaidi ya 4 katika kila 10 wanasema wanaogopa kuwa mzigo kwa familia. Na hapo kumbuka wengi wao, kama 9 kati ya 10, tayari wako kwenye huduma ya hospisi. Maumivu yao yameshashughulikiwa.

Si itaanza na wanaokufa kisha iishie kwa kila mtu?

Hofu hiyo ina msingi na anayeipuuza hajaangalia Kanada. Walianza 2016 kwa wale ambao kifo chao kinaonekana kinakuja, 2021 wakapanua hadi kwa wagonjwa ambao kifo chao hakiko karibu, na wale wenye ugonjwa wa akili peke yake wamesogezewa mbele mpaka Machi 2027. Mwaka 2023 waliokufa kwa njia hiyo walikuwa 15,343, karibu 5 katika kila vifo 100. Ila Oregon mpaka leo wamebaki kwenye miezi 6. Inategemea sheria imeandikwaje na nani anailinda.

Kwetu sheria inasemaje?

Hairuhusiwi. Tanzania na Kenya zote, sheria ya makosa ya jinai inasema anayemsaidia mwenzake kujiua anaweza kufungwa maisha. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha kumshtaki aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume na katiba, uamuzi mzuri sana maana mtu yule anahitaji matibabu, lakini kumsaidia mtu kufa limebaki kosa.

Na dini?

Waislamu tuna An-Nisaa aya ya 29, msijiue. Wakatoliki nao wamekataza. Lakini kuzuia maumivu hakujakatazwa, Papa Pius wa 12 aliulizwa na madaktari mwaka 1957 akajibu dawa ya maumivu inaruhusiwa hata kama inaweza kufupisha maisha, mradi lengo ni kutuliza maumivu. Na masheikh wengi wanaruhusu pale pa dharura. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na mgonjwa anakataa mofini, dawa yetu kuu ya maumivu makali, akidhani anamkosea Mungu.

Mofini yenyewe si inaua? Si mtu anakuwa teja?

Ukitoa kwa kipimo, ukaanza kidogo na kupandisha taratibu, haiui. Ile ya maji ya kunywa inatolewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa ya ukutani, usisubiri mgonjwa alie ndo umpe, na kipimo cha kulalia mara nyingi tunakifanya mara mbili ili alale mpaka asubuhi. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, hiyo inaisha. Inafunga choo, na hilo haliishi, ndo maana lazima uondoke na dawa ya kulainisha choo, usipopewa idai. Uteja kwa mtu anayetumia kwa maumivu ya kansa chini ya uangalizi hutokea kwa nadra mno. Ifungie mbali na watoto, na usimpe mtu mwingine hata kama anaumwa jino.

Kinachonikera ni hiki. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lilipiga hesabu ya dawa za kundi la mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, tani 298.5, nchi maskini kabisa zikapata tani 0.1. Kilo 100 kwa mataifa yote hayo! Na inawezekana kubadilisha, Uganda waliruhusu mwaka 2004 manesi na maofisa tabibu wenye mafunzo maalumu waandike mofini, hawakusubiri daktari afike kila kijiji.

Mgonjwa wangu anasema "nataka kufa", nimjibu nini?

Usimwambie "usiseme hivyo mama, Mungu yupo" ukatoka nje. Kaa. Muulize, ni nini kinachokushinda zaidi? Kisha nyamaza.

Kuna mama mmoja nilimfuata nyumbani, kansa ya titi, kidonda kimefumuka. Mofini alikuwa anayo na maumivu yalikuwa yametulia, bado kila nikienda ananiambia sista nichome sindano nilale moja kwa moja. Siku hiyo nikakaa kwenye ndoo nikamuuliza. Akanyamaza muda mrefu akisokota pindo la khanga, halafu akasema, harufu. Wajukuu wamehamishiwa chumba kingine, binti yake akimletea uji anashusha pumzi mlangoni kwanza, na yeye anamuona. Nikasafisha kwa maji ya chumvi, nikasaga vidonge vya metronidazo, vile wengi mnavijua kama Flagyl, nikanyunyizia ule unga kwenye kidonda na kufunga na gozi safi (kitambaa cha kufungia vidonda), nikamfundisha binti afanye hivyo kila siku. Baada ya siku chache nilikuta mjukuu kalala miguuni kwake. Alifariki wiki kadhaa baadaye. Ile sindano hakuitaja tena.

Sisemi kila anayetaka kufa ni harufu. Wakati mwingine ni sonona na ina dawa, wakati mwingine ni deni, mtu anajua shamba limeuzwa kwa ajili yake. Na kama anazungumzia kujidhuru, au ameanza kutunza vidonge, usimuache peke yake, wahini kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa sista, wewe unasimama wapi?

Wapo ambao mateso yao hatuwezi kuyamaliza yote, nimewaona na sitawasahau. Kwa hao, siku za mwisho kabisa, kuna njia ya kumlaza mgonjwa usingizi kwa dawa mpaka ugonjwa umchukue, inahitaji timu yenye ujuzi na inaruhusiwa. Mtu wa Oregon mwenye hospisi, mofini na nesi wa kumpigia usiku, akiamua vile, mimi simhukumu. Lakini hapa kwetu naipinga sheria hiyo kwa sasa na napinga kwa nguvu, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kupewa hata chupa moja ya mofini hajapewa cha kuchagua, na mzee anayesikia watoto wanagombana nani alipie dripu atasema "nisaidieni nife" kabla hujamaliza kumsomea fomu. Hasa mwanamke. Amezoea kujipunja ili wengine wale.

Kama yuko nyumbani na siku zimekaribia, tufanye nini?

Msimlazimishe kula, mwili hauhitaji tena na anaweza kupaliwa. Midomo mlowanishe kwa pamba yenye maji, pakeni mafuta kidogo. Mgeuzeni kila baada ya saa chache. Akianza kukoroma kwa kifua mlazeni ubavu, sauti ile inawatisha nyinyi kuliko inavyomsumbua yeye. Mofini msiikate, akishindwa kumeza mpigieni nesi, kuna namna ya kuiweka kidogo kidogo ndani ya shavu. Na mwongeleshe kwa jina lake, hata akiwa kafumba macho, kusikia kunaweza kubaki mpaka mwisho, kwa hiyo habari za mgawanyo wa kiwanja zikaongelewe nje.