Kuingia Mogadishu ni kazi ya usiku mmoja

Usiku wa manane, kuingia tarehe 9 Desemba 1992, makomandoo wa majini wa Marekani waliibuka kutoka kwenye mawimbi ya Mogadishu, nyuso zimepakwa rangi, bunduki mbele, wakitambaa mchangani kama watu wanaongoja risasi. Walichokuta ni taa. Waandishi wa habari walikuwa wameshafika kabla yao na kupanga kamera zao ufukoni, na mwanga wa televisheni ukawapiga wale askari machoni. Hakuna aliyewafyatulia risasi hata moja.

Picha hiyo huwa naikumbuka kila ninaposikia watu wakibishana kuhusu jeshi la Marekani. Wapo wanaoapa kwamba jeshi hilo halishindwi na lolote. Wapo wanaoapa kwamba ni simba wa karatasi, lilikimbizwa na vijana waliovaa kandambili. Makundi haya mawili hukaa kijiwe kimoja na kunywa kahawa ya birika moja, na yote mawili yamekosea. Nitakaa zaidi na Somalia kwa sababu ndiyo jirani yetu, na kwa sababu bili yake imetufikia sisi pia.

Dhana: "Mwenye bajeti kubwa ndiye mshindi"

Bajeti ni kubwa, hilo halina ubishi. Mwaka 2024 Marekani ilitumia takribani dola bilioni 997 kwa jeshi lake, zaidi ya theluthi moja ya matumizi ya kijeshi ya dunia nzima. Kazi ikiwa ni kuvunja jeshi la serikali nyingine, fedha hizo huonekana zilikokwenda. Taliban waliondolewa Kabul Novemba 2001, vita havijafikisha miezi miwili. Baghdad ilianguka Aprili 2003, wiki tatu tu tangu uvamizi uanze.

Kazi ngumu huanza kesho yake. Mei 2003 utawala wa Kimarekani mjini Baghdad ulilivunja jeshi la Iraq kwa amri ya maandishi, na laki kadhaa za wanaume waliofunzwa silaha wakajikuta nyumbani hawana mshahara. Kilichofuata kila mtu anakijua. Afghanistan nako zaidi ya dola bilioni 80 zilimwagwa kujenga jeshi na polisi, na bado Kabul iliingiwa na Taliban tarehe 15 Agosti 2021 karibu bila mapigano. Bunduki zilikuwepo, magari yalikuwepo. Askari wengi ndio hawakuwepo, maana sehemu ya majina katika orodha za mishahara yalikuwa ya askari hewa. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo hapo. Askari hewa ni ndugu wa mfanyakazi hewa.

Dhana: "Walitimuliwa Somalia na vita vya siku moja"

Wengi wetu tunaijua Somalia ya 1993 kupitia filamu moja ya Hollywood iliyopigwa Morocco, ambayo hadithi yake inaanza mambo yakiwa yameshaiva. Turudi nyuma kidogo.

Siad Barre, aliyekuwa rais wa Somalia, alianguka Januari 1991. Wababe wa kivita wakagawana nchi, njaa ikaingia, na kufikia 1992 malori yalikuwa yakipita mitaa ya Baidoa asubuhi kukusanya maiti. Wamarekani zaidi ya 25,000, ndani ya kikosi cha mataifa mengi cha watu wapatao 37,000, walikuja kufungua barabara ili chakula kipite. Na kilipita. Anayesema ujio ule haukumfaa mtu yeyote anadanganya. Wapo Wasomali walio hai leo kwa sababu ya misafara ile. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwa miezi michache ilikuwa hivyo kweli.

Kisha kazi ikabadilika. Mei 1993 Umoja wa Mataifa ulishika usukani ukiwa na jukumu pana zaidi, la kunyang'anya silaha na kuisimamisha serikali upya. Tarehe 5 Juni wanajeshi 24 wa Pakistan wakauawa mjini Mogadishu, lawama zikamwendea Jenerali Mohamed Farah Aidid, mmoja wa wababe wale wa kivita, na ikatangazwa zawadi ya dola 25,000 kwa atakayesaidia akamatwe. Waliokuja kusindikiza magunia ya chakula sasa walikuwa wanamsaka mtu mmoja, katika mji ambao kila uchochoro wake ulimjua yeye na haukuwajua wao.

Siku ambayo filamu haikuionyesha ni Jumatatu ya tarehe 12 Julai. Asubuhi hiyo wazee wa Habar Gidir, ukoo wa Aidid, pamoja na mashekhe na wasomi, walikuwa wamekutana katika nyumba ya mmoja wa watu wa karibu wa Aidid. Wasomali husema ajenda ilikuwa namna ya kupatana na Umoja wa Mataifa. Helikopta za Marekani aina ya Cobra ziliizingira nyumba na kuishindilia makombora 16, yale yaliyotengenezwa kutobolea vifaru. Msalaba Mwekundu ulihesabu maiti 54. Umoja wa Mataifa ulisema 20. Aidid hakuwemo.

Waandishi wa habari walikimbilia pale kupiga picha. Umati uliokuwa ukitoa wapendwa wao kwenye kifusi uliwageukia, na wanne wakauawa papo hapo: Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya, Dan Eldon, kijana wa miaka 22 aliyekulia Nairobi, na Hansi Krauss, Mjerumani. Tukitaja waliokufa katika vita vya Marekani Mogadishu huwa tunahesabu askari waliozikwa Amerika. Mimi huanza na hawa.

Baada ya siku ile hata wale wa ukoo wake waliokuwa wamemchoka Aidid walirudi upande wake. Kwa hiyo mambo ya tarehe 3 Oktoba hayakuanguka kutoka mbinguni. Saa tisa na nusu alasiri, wanajeshi wapatao 160 walitoka uwanja wa ndege kwa helikopta na magari kwenda kuwakamata wasaidizi wawili wa Aidid karibu na soko la Bakara. Kazi ilikadiriwa kuchukua saa moja hivi. Wengi waliacha kambini miwani ya kuonea gizani, na wengine hata maji ya kutosha hawakubeba. Jua lilikuwa linawaka, nani alikuwa na haja ya miwani ya usiku?

Wasaidizi wale wawili walikamatwa. Kwa maana ya karatasi ya amri, kazi ilifaulu. Ila helikopta mbili za Black Hawk zilitunguliwa kwa roketi za begani, matairi yakachomwa barabarani, njia zikazibwa, giza likaingia. Waliokuja kuwanasua ni vifaru vya Pakistan na magari ya deraya ya Malaysia, na walitoka kulipokucha. Wamarekani 18 walikufa, na Mmalaysia mmoja. Wasomali waliokufa hukadiriwa kati ya mia kadhaa na zaidi ya elfu moja, na wengi hawakuwa wapiganaji.

Ukihesabu maiti, Marekani ilishinda. Lakini tarehe 7 Oktoba Rais Clinton alitangaza kwamba majeshi yangeondoka ifikapo 31 Machi 1994, na Bunge lao likafunga mfuko baada ya tarehe hiyo. Hawakuishiwa risasi. Waliishiwa jibu la kumpa mzazi wa Kimarekani aliyeuliza mwanawe amekufa akimtafuta nani na kwa nini. Ndiyo maana nasema wote kijiweni wamekosea: jeshi halikupigwa likakimbia, na pia halikuwa na uwezo wa kushinda kitu kilichostahili kuitwa ushindi.

Desemba mwaka huohuo, Aidid alisafirishwa hadi Addis Ababa kwenye mazungumzo ya amani. Ndege iliyombeba ilikuwa ya jeshi la Marekani.

Dhana: "Wangekaa kwao, dunia ingetulia"

Majeshi yao yaliondoka Mogadishu mwishoni mwa Machi 1994. Haikupita hata wiki mbili, mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama lilikipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa Kigali hadi watu 270, na Washington, ikiwa bado na jeraha la Mogadishu, haikutaka kusikia habari za kupeleka askari Afrika. Maofisa wake walikwepa hata kulitamka neno lenyewe, mauaji ya kimbari. Miaka minne baadaye Clinton alitua Kigali, akakiri kwamba dunia ilichelewa, akayasema hayo palepale uwanja wa ndege. Mipaka ya nguvu haipimwi kwa yale yaliyojaribiwa peke yake.

Dhana: "Wanafuata mafuta tu"

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Kampuni za mafuta za Kimarekani zilikuwa na vibali vya utafiti Somalia tangu enzi za Barre, na ofisi za Conoco mjini Mogadishu zilitumika kama ubalozi usio rasmi wakati majeshi yanaingia. Sawa. Lakini zaidi ya miaka 30 imepita na hakuna mapipa ya Kisomali sokoni. Na Iraq je? Mnada wa 2009 ulipofanyika, uwanja mkubwa wa Rumaila ulichukuliwa na BP ya Uingereza na CNPC ya China. Kama kweli vita vile vilipiganwa kwa ajili ya mafuta, basi mwenye duka aliuza kwa hasara.

Dhana: "Kambi yao ni ngao kwa mwenyeji"

Tarehe 5 Januari 2020, kabla jua halijachomoza, Al-Shabaab waliuvamia uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, ambapo Wamarekani walikuwa wakifanya kazi pamoja na jeshi la Kenya. Wakandarasi wawili wa Kimarekani walikufa ndani ya ndege ya upelelezi iliyokuwa ikijongea kwenda kuruka. Ilipigwa kwa roketi ya begani, silaha ileile ya Mogadishu ya 1993. Mwanajeshi mmoja pia aliuawa na ndege kadhaa zikateketea. Uchunguzi wa Pentagon ulikuja kukiri kwamba ulinzi ulikuwa umelegea. Ndege ile kazi yake ilikuwa kuwatafuta Al-Shabaab kutoka angani. Wao walikuja kwa miguu.

(Na kwa wale wanaodhani makao makuu ya AFRICOM, kamandi ya jeshi la Marekani kwa Afrika, yako Afrika: yako Stuttgart, Ujerumani, tangu kamandi hiyo ianzishwe 2007.)

Dhana: "Manowari zao hufungua bahari yoyote"

Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, kampuni kubwa za meli zikaanza kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, safari ikiongezeka siku kumi au zaidi. Marekani ilipeleka manowari na ndege, ikarusha makombora ya takribani dola milioni mbili kila moja kutungua droni za bei ya pikipiki chache. Machi 2025 iliongeza mashambulizi makali. Mei 6 Oman ikatangaza kwamba imepatanisha pande mbili: Wahouthi hawatagusa meli za Marekani, Marekani haitawapiga. Meli za wengine hazikuhakikishiwa kitu, na mwezi Julai meli mbili zikazamishwa. Kilichositisha mashambulizi yale ni mazungumzo ya Muscat, mji mkuu wa Oman, ambako mtu wa Unguja hakosi wa kuongea naye Kiswahili.

Dhana: "Kila kitu kimepangwa Washington"

Wanaopenda dhana hii hawajaitazama Somalia ya 2006 kwa karibu. Kwa mujibu wa taarifa nyingi za wakati ule, CIA iliwapa fedha wababe wa kivita wa Mogadishu ili wawakamate watuhumiwa wa ugaidi. Wananchi wakawachukia zaidi wababe wale, Mahakama za Kiislamu, muungano uliokuwa na wapiganaji wake, zikawafurusha mwezi Juni, na Desemba Ethiopia ikaingia kwa baraka za Marekani kuziangusha mahakama. Zilianguka. Kilichobaki kimesimama ni tawi lao la vijana, Al-Shabaab, ambalo kabla ya hapo halikuwa na ukubwa wa kutisha. Uganda ikapeleka wanajeshi Machi 2007, Burundi ikafuata, Kenya ikavuka mpaka Oktoba 2011. Septemba 2013 Al-Shabaab waliua watu 67 Westgate, Nairobi. Aprili 2015 watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kama huo ndio mpango, aliyeupanga afukuzwe kazi.

Na yupo mtu mmoja ambaye wapenda njama wakimgundua hawalali. Miongoni mwa wanamaji wa Marekani waliokuja na operesheni ile ya Desemba 1992 alikuwepo kijana wa kikosi cha akiba kutoka California, aliyeletwa kwa kuwa alijua Kisomali. Aliitwa Hussein Farrah Aidid, mtoto wa jenerali mwenyewe. Akamaliza zamu yake na kurudi Amerika. Agosti 1996 baba yake alipokufa kwa majeraha ya risasi, kundi lake lilimchagua Hussein ashike nafasi yake, na yeye akaendelea kudai urais uleule aliokuwa akiudai baba yake. Washington haikuutambua.