Barua ya kufuta kesi haifuti kesi

Nimeletewa nyingine wiki hii. Karatasi moja, imechapwa duka la steshenari karibu na mahakama, ina mhuri wa mwenyekiti wa mtaa na sahihi mbili: "Mimi mlalamikaji nimemsamehe mshtakiwa kwa hiari yangu, naomba kesi ifutwe." Kosa lenyewe ni kusababisha madhara makubwa mwilini. Wenye steshenari wa Dodoma, nawasihi, hizi karatasi ziuzeni kwa bei ya karatasi tupu, maana thamani yake ndiyo hiyo.

Tazama jalada la kesi. Limeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, na jina lako wewe mlalamikaji halimo. Jalada likishafika mahakama ya wilaya, kesi iko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka na wewe ni shahidi, mara nyingi wa kwanza. Wa kuiondoa ni yeye au mwendesha mashtaka wake. Hakimu hawezi kuimaliza kwa kuwa tu mmepeana mikono.

Utaniambia jirani wa shangazi yako alifuta ya kwake. Sikatai. Mahakama ya Mwanzo mlalamikaji husimama mwenyewe, na kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida sheria inamruhusu hakimu kuhimiza mpatane, hata kwa fidia. Jirani alipigwa kofi kilabuni. Wewe ulikatwa panga.

Kinachonichosha zaidi ni sherehe. Mwendesha mashtaka kweli huweza kuliondoa shauri, na hapo ukoo mzima unapiga vigelegele kwenye korido. Likiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, ameachiwa tu. Anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile. Likiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, ameachiwa huru na hashtakiwi tena kwa jambo hilo. Kwa hiyo usiniulize kama kesi imefutwa. Uliza iliondolewa katika hatua gani. Nimelieleza hili kwa wasomi wenye tai shingoni na bado wakaondoka wakisema "basi imeisha".

Na wazee wetu wa Bahi na Chamwino, shikamooni. Kupokea ng'ombe ili jinai kubwa isifike mahakamani ni kosa la jinai lenyewe. Ubakaji, tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, una kifungo kisichopungua miaka 30, na mahakama inatakiwa kuamuru fidia juu ya kifungo hicho. Hata makubaliano ya kukiri kosa yaliyoingizwa mwaka 2019 hayagusi kosa la kingono dhidi ya mtoto chini ya miaka 18. Mnayajadilije chini ya mbuyu?

Ukimkalisha mwenye barua ukamsikiliza, mara nyingi hataki kusamehe. Amechoka nauli, anaogopa, au anataka alipwe matibabu. Nauli: siku ya kutajwa, kesi inapopangiwa tu tarehe, huhitajiki, njoo siku ya kusikilizwa. Muulize mpelelezi kabla hujapanda basi Kondoa. Ila ukipokea samansi, yaani hati ya wito, usipotokea, mahakama inaweza kuagiza ukamatwe. Vitisho: mweleze mwendesha mashtaka mapema, maana mshtakiwa anayewasumbua mashahidi anaweza kupoteza dhamana. Fidia: tunza risiti za hospitali na umkumbushe mwendesha mashtaka aiombe kabla adhabu haijatolewa. Siyo hisani, Katiba yenyewe, ibara ya 107A, inazitaja mahakama kutoa fidia ipasayo kwa walioathirika kwa makosa ya wengine.

Hapo kwenye fidia ndipo huwa napunguza sauti. Mtu anayekwenda kukaa gerezani miaka 30 atailipa kutoka wapi? Nimeona amri nzuri kabisa zikibaki kwenye makaratasi. Na mama ambaye mshtakiwa ndiye alikuwa akimlimia shamba, mvua za Desemba zikianza huku yule yuko mahabusu, nimwambie nini? Namweleza sheria. Sina hakika kwamba ndicho alichokuja kutafuta, na siku nyingine sina hakika kwamba kuendelea kunamfaa.

Kama bado unataka kurudi nyuma, nenda ofisi ya mashtaka mwenyewe, kabla hujapanda kutoa ushahidi, ukaseme ukweli wote, pamoja na nani anakushinikiza. Mwendesha mashtaka anaweza kukubali, anaweza kukataa. Usichofanya ni kunyamaza mpaka siku ya kiapo, halafu useme "nilianguka" wakati maelezo yako ya polisi na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, vinasema panga. Mwendesha mashtaka ataomba ruhusa akuhoji kama shahidi aliyegeuka, na uongo chini ya kiapo una shtaka lake. Hilo nalo litaandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, na safari hiyo jina lako litakuwemo.