Magnamu ni nini, na risasi ya kawaida inapungukiwa wapi?

Chukua risasi mbili uzisimamishe mezani: .30-06 Springfield na .300 Winchester Magnum. Vichwa vyake, yaani ile sehemu inayoruka mtutuni na kumfikia mnyama, vina kipenyo kimoja, milimita 7.8. Ukivichomoa na kuvichanganya, hutajua kipi kilitoka wapi. Tofauti iko kwenye ganda. La .300 ni nene zaidi, limebeba baruti nyingi zaidi, na chini kwenye kitako limezungukwa na mkanda mdogo kama mshipi. Baruti hiyo ya ziada nyuma ya kichwa kilekile ndiyo inayoitwa magnamu.

Neno ni la Kilatini, maana yake "kubwa". Waingereza walilitumia kwa chupa kubwa ya mvinyo, ile ya lita moja na nusu, kabla mafundi bunduki wao hawajaliazima mwishoni mwa karne ya 19 kuuzia risasi zilizoshindiliwa baruti kuliko zilizozoeleka. Kwa hiyo tangu mwanzo lilikuwa neno la kulinganisha, na kwa kiasi fulani neno la dukani. Hakuna kiwango kinachosema risasi ikifika hapa ni magnamu na ikipungua hapo si magnamu. .416 Rigby ya mwaka 1911 ina ganda kubwa kuliko magnamu nyingi, lakini haiitwi hivyo. .470 Nitro Express, ambayo wawindaji bingwa wengi huibeba ili kumkinga mgeni wao tembo akigeuka, nayo haina neno hilo. Halafu kuna .22 Magnum, kijirisasi cha kupigia sungura, ambacho kinalo!

Ule mkanda una historia yake. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa .375 H&H Magnum. Baruti ya wakati huo, kodaiti, ilikuwa na umbo la nyuzi ndefu kama tambi, na ganda lililoifaa lilikuwa la kuteremka taratibu, bila bega kali, yaani pale ganda linapobana ghafla kuelekea kichwa. Ganda la namna hiyo linahitaji kitu cha kulizuia lisizame kupita kiasi ndani ya chumba cha bunduki. Mkanda ndio uliolizuia. Baadaye makampuni ya Marekani yalilichukua ganda hilo, yakalikata na kulichonga mabega makali ambayo yangetosha kulishikilia, na bado mkanda yakauacha. Wanunuzi walikwisha kuuzoea. Waliuona kama cheo begani.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo mabishano ya kambini yanapoanzia. .30-06 ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906. Kichwa chake cha gramu 11.7 (kwenye boksi utaona kimeandikwa greni 180) hutoka kwa kasi ya karibu mita 820 kwa sekunde. .300 Winchester Magnum, ya mwaka 1963, hukirusha kichwa cha uzito huohuo kwa mita 900. Kasi imeongezeka kama asilimia 10. Lakini nishati hupanda kwa mraba wa kasi, hivyo inaruka kutoka jouli 3,950 hadi 4,740, ongezeko la asilimia 20. Ukisoma namba hizo dukani, mkono unakwenda wenyewe mfukoni.

Ongezeko hilo linakununulia nini porini? Kwanza, risasi hushuka kidogo zaidi ikiwa mbali. Zikilengeshwa zote mbili sawasawa kwa mita 180, zikifika mita 270 hupishana kwa sentimita nne hivi. Kwenye mita 365 pengo linapita sentimita kumi, na hapo ndipo magnamu inapoanza kujilipa. Anayewinda mbuzi wa milimani huko Marekani, akivuka korongo kwa jicho tu kwa sababu miguu haina njia, ana haki ya kuitaka. Lakini kwenye miombo ya kusini mwa Tanzania, ambako miti yenyewe haikuruhusu kuona mita mia mbili, na ambako nyati hunyatiwa mpaka mita hamsini au themanini, sentimita nne za mita 270 ni mali usiyoitumia.

Bei yake unailipa begani. Ukizipiga kwa bunduki za uzito mmoja, .300 Winchester Magnum hupiga teke kuliko .30-06 kwa theluthi moja au zaidi kidogo, na .375 H&H hukaribia kulifanya teke la .30-06 kuwa mara mbili. Mtu hafi kwa teke. Kinachotokea ni kwamba mwili unajifunza kuliogopa. Baada ya risasi kumi mwili unashtuka kabla ya mshindo: jicho linafumba, kidole kinavuta kwa pupa, mtutu unainama. Mpigaji mwenyewe hajui, kwa sababu mshindo unaficha kila kitu. Ndiyo maana walimu wa shabaha humpa mwanafunzi bunduki bila kumwambia kama ndani kuna risasi ya kweli au bandia. Ikiwa ni bandia na mtutu umeruka chini, siri imetoka.

Sasa kuna mtego mwingine, wa kuhesabu jouli kana kwamba ndizo zinazoua. Mwaka 1905 fundi wa Berlin, Otto Bock, alitengeneza 9.3x62. Aliilenga kwa wakulima na walowezi wa makoloni ya Ujerumani barani Afrika, huku kwetu Afrika Mashariki pamoja, watu waliohitaji kumkabili nyati au simba kwa bunduki ya Mauser ya bei nafuu wakati zile za mitutu miwili za Kiingereza ziligharimu mali. Kichwa chake kina gramu 18.5 na hutembea kwa mita 720 tu kwa sekunde. Piga hesabu: jouli 4,800 kasoro kidogo. Yaani kwa karatasi ni sawa na .300 Winchester Magnum, hazipishani hata jouli mia. Mpe mwindaji yeyote wa nyati achague kati ya hizo mbili kwa mita hamsini, ataichukua hii ya mkulima wa Kijerumani, isiyo na jina la magnamu wala mkanda. Kichwa kizito, kirefu, kinachokwenda kwa kasi ya wastani huzama moja kwa moja kama mkuki wenye mpini mzito, kikapita ngozi, msuli na mfupa wa bega mpaka mapafuni. Kichwa chepesi chenye mbio kinaweza kupasuka juu juu kabla hakijafika.

Na kupasuka huko si hadithi. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa British Columbia, Kanada, akimwinda moose, mnyama mkubwa mwenye pembe pana kama koleo. Alikuwa na .300 H&H, magnamu kamili. Ngozi ya mnyama ilikuwa imeganda tope, na vichwa vya risasi vilivunjika kwa juu bila kuzama. Aliporudi nyumbani alibuni kichwa chenye ukuta katikati, nusu ya mbele ichanue na ya nyuma ibaki nzima kusukuma, akaanza kukiuza mwaka 1948. Kwa maoni yangu kisa hiki kinastahili kuwekwa kwenye kila boksi la magnamu. Kasi ilikuwapo tele, na kasi hiyohiyo ndiyo iliyokiponza kichwa. Anayenunua magnamu kwa ajili ya wanyama wakubwa lazima anunue na kichwa kigumu kinachoistahimili, la sivyo amelipia mwendo wa kwenda kuvunjikia njiani.

Wapenzi wa risasi ndogo nao wana mtakatifu wao: Walter Bell, Mskoti aliyepewa jina la "Karamojo" kutokana na Karamoja ya kaskazini mwa Uganda. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa 7x57 Mauser, risasi ya jeshi ya mwaka 1892 yenye jouli zisizofika 3,000. Ushahidi huo ni wa kweli, ila hutolewa nusu. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila upande. Alitumia vichwa vigumu visivyochanua, akapiga ubongo, na aliwinda wakati makundi ya tembo yalikuwa mengi, akiweza kuliacha lililokaa vibaya na kufuata jingine. Mgeni wa leo mwenye siku kumi na leseni ya nyati mmoja hana anasa hiyo. Mnyama atasimama anavyotaka yeye, nyasi zitakuwa kiunoni, na huenda risasi ya pili ikahitajika huku nyati anakuja.

Ndiyo sababu sheria haziachi jambo hili kwa ujasiri wa mtu. Tanzania, kwa wanyama hatari kama tembo, nyati na simba, hudai kipenyo kisichopungua inchi .375. Angalia sheria inapima nini: upana. Neno magnamu halimo. Kwa hiyo .300 Winchester Magnum pamoja na mbwembwe zake hairuhusiwi kwa nyati, na 9.3x62 iliyozaliwa kwa ajili ya nchi hizi inakosa kwa unywele, kwani kipenyo chake ni .366. Masharti ya leseni husomwa kwenye leseni yenyewe na kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, kabla mtu hajanunua chochote. Kenya swali hili halipo tangu uwindaji wa burudani ulipopigwa marufuku mwaka 1977.

Hata ndani ya zile pana, jina limewahi kuwaangusha watu. Winchester walitoa .458 Winchester Magnum mwaka 1956 ili bunduki ya urefu wa kawaida iweze kumwangusha tembo. Ganda likawa fupi mno kwa kazi hiyo. Baruti ilibidi ishindiliwe, na baadhi ya risasi za mwanzo baruti yake iliganda madonge, haikuwaka yote. Risasi ikatoka goigoi. Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alitengeneza ganda refu zaidi lililokuja kuitwa .458 Lott. Risasi za .458 za siku hizi zimerekebishwa, lakini wazee bado wanaiangalia kwa jicho la pembeni.

Basi mtu achague nini? Kwa swala pala, kuro, kongoni na ngiri, .30-06, .308 au 7x57 zinatosha, tena zinaacha nyama. Risasi ya kasi kubwa kwa umbali mfupi huvilisha damu bega zima, na mwindaji mkaazi anayetaka kitoweo atalitupa. Pofu ana uzito unaoweza kupita kilo 700. Hapo mimi ningeongeza uzito wa kichwa kabla sijaongeza kasi: .30-06 yenye kichwa cha gramu 13 au 14 kilichojengwa imara, mtu akiwa karibu na mwenye subira. .300 magnamu inafaa mahali pa wazi, tandala upande wa pili wa bonde, kwa mpigaji aliyeizoea.

Kwa nyati, sheria imekwisha kukuchagulia pa kuanzia, na magnamu kongwe, .375 H&H, bado ndiyo jibu la wengi baada ya miaka zaidi ya mia: kichwa cha gramu 19.4, mita 770 kwa sekunde, teke ambalo mtu wa kawaida anaweza kulizoea akipewa miezi miwili ya mazoezi. .416 na .458 zinamfaa aliyekwisha kuipiga .375 kwa kusimama, bila kuegemea kitu, na akapiga mara tatu mfululizo shabaha ya ukubwa wa sahani ya chakula kwa mita hamsini.