Deksamethasoni haitibu uvimbe wa kiharusi
Wapo wanaoamini kuwa mgonjwa wa kiharusi akichomwa deksamethasoni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) kliniki ya mtaani, ubongo utaacha kuvimba. Si kweli, na ni hatari. Mshipa ukiziba, seli hufa kwa kukosa oksijeni. Ndani ya saa chache chembe za kinga huvamia eneo hilo, kuta za mishipa midogo hulegea, maji huvuja. Uvimbe hufikia kilele kati ya siku ya 2 na ya 5. Lakini kinga hiyohiyo ndiyo huzoa seli zilizokufa ili tishu ipone. Steroidi haipunguzi vifo wala ulemavu. Hupandisha sukari na kukaribisha maambukizi. Hata aspirini isubiri picha ya CT, inayoonyesha ndani ya ubongo, kwani huenda ubongo unavuja damu. Mkimbizeni hospitali yenye mashine ya CT, kama Mulago jijini Kampala: dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze.