Eti barua ya muuza dagaa haisomwi

Pale mwaloni kwetu, ufukweni dagaa wanaposhushwa, upande wa Igombe, Mwanza, ukitaja tu habari ya kuandika barua lazima mtu acheke. "We mama, na la saba yako hiyo unamwandikia nani?" Mi nimechoka kubishana kwa mdomo, acha niandike.

Kwanza hii ya kwamba barua ya ofisini inataka Kiingereza, au Kiswahili kile cha maneno mazito. Nyie! Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili ndo kikawa lugha ya sheria na mahakama, sasa kama kinamtosha hakimu kitamshindaje mtendaji wa serikali tunayempelekea barua? Tena hayo mazito ndo yanaharibu. Barua yetu ya kwanza kuhusu choo cha mwaloni ilikuwa "kwa heshima na taadhima" nusu ukurasa, choo chenyewe kikatajwa mstari wa mwisho kama kimesahaulika, na haikujibiwa. Ya pili tukasema hivi: matundu yapo mawili, moja limeziba tangu masika, watu wanajisaidia ziwani na hapohapo ndo tunachota maji ya kuoshea vyombo, ushuru tunalipa kila gunia na risiti za wiki nzima hizi hapa tumeambatanisha. Basi. Ukurasa haukujaa. Aliyeandika ni binti wa mwenzetu, yuko form two, sie tunataja yeye anaandika alafu anatusomea kwa sauti, akiongeza chumvi tunamkatiza.

Eti asiyejua kusoma hahusiki. Aliyekumbuka tarehe choo kilipoziba ni bibi mmoja hajawahi kukaa darasani, kwenye majina yeye kaweka dole gumba.

Wengine wanadhani ukishaipeleka umemaliza, na hapa ndo tulipigwa. Ile ya kwanza tulikabidhi tukaondoka, kwenda kuulizia tukaambiwa haijaonekana, utabishana na nani? Siku hizi nakala mbili, moja inabaki kwao, yetu inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, mi naiweka kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Ukirudi na muhuri wao wenyewe mkononi hata salamu inabadilika.

Halafu kuna wale wa "msiulize mapato na matumizi, hiyo ni siasa". Siasa gani? Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa kutoa maoni na haki ya kupewa taarifa, na ile Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inataka ukiomba kwa maandishi ujibiwe ndani ya siku 30. Ndo maana nang'ang'ania muhuri, bila tarehe hizo siku unazihesabia wapi?

Tundu limezibuliwa. Mlango bado hauna komeo, ukiingia unaushika kwa mguu, ndo barua ya tatu hiyo binti anaiandika sasa hivi.