Mstari wa Tangazo la 1763 ni nini hasa?

Mstari wa Tangazo ni mpaka ambao mfalme George III wa Uingereza aliuweka tarehe 7 Oktoba 1763 kwenye makoloni yake ya Amerika Kaskazini, ulifuata mgongo wa milima ya Appalachia, na maana yake ilikuwa hivi: masetla wabaki mashariki upande wa pwani, magharibi ya milima ni ardhi ya wenyeji, na kama umeshajenga huko funga virago urudi. Watu wengi wakisoma historia ya Marekani wanaupita haraka haraka, mi naona bila kuuelewa huu mpaka huwezi kuelewa kwa nini Mwingereza alishinda vita kubwa halafu miaka 20 baadaye akawa amenyang'anywa makoloni na watu wake mwenyewe.

Tuanze ulikotokea. Wafaransa walikuwa Canada tangu walipojenga Quebec 1608, na kusini kabisa walikuwa na Louisiana, sasa katikati pale kuna bonde la mto Ohio ambalo ndo njia ya maji ya kuunganisha huku na kule, Mfaransa akilikosa amekatwa vipande viwili. Kwa idadi walikuwa wachache, hawafiki laki moja wakati makoloni ya Mwingereza yalishapita milioni, na uchumi wao ulikuwa biashara ya ngozi za wanyama, kwa hiyo walimhitaji mwenyeji aendelee kuwinda msituni na aendelee kuwa rafiki. Masetla wa Kiingereza walitaka mashamba. Anayetaka ngozi anaweza kuishi na mwenye msitu, anayetaka shamba lazima kwanza amtoe.

Virginia kulikuwa na matajiri wenye kampuni iliyoitwa Ohio Company, wakapewa ekari 200,000 za kuanzia kwenye bonde hilo mwaka 1749, na mwaka huohuo Wafaransa wakamtuma ofisa wao Céloron de Blainville ateremke na mitumbwi akifukia ardhini mabamba ya madini ya risasi yaliyoandikwa kwamba nchi hii ni ya mfalme wa Ufaransa. Waliokuwa wanaishi pale, Washawnee na Wadelaware na Wamingo, hakuna aliyewauliza, huku wanagawana ekari na kule wanafukia mabamba. 1753 gavana wa Virginia, Robert Dinwiddie, akamtuma kijana wa miaka 21 apeleke barua ya kuwaambia Wafaransa waondoke, huyo kijana ndo George Washington, wakampokea kwa heshima na wakamjibu kwamba hawaondoki. Mei 1754 akarudi na askari, akiwa na Tanaghrisson kiongozi wa Waseneca, wakakivamia kikosi kidogo cha Wafaransa alfajiri na ofisa wao Jumonville akauawa, na hapo ndo vita ilipowaka mpaka ikafika Ulaya, Karibi na India.

Sasa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Oktoba 1758 pale Easton, Pennsylvania, Waingereza walikaa na viongozi wa mataifa ya wenyeji wakawaahidi kwamba vita ikiisha hawatafungua makazi magharibi ya milima, na kwa ahadi hiyo wengi wa bonde la Ohio wakamwacha Mfaransa. Mwezi uliofuata Wafaransa walibaki peke yao, wakaichoma ngome yao ya Fort Duquesne wakaondoka. Waingereza walipofika wakajenga ngome kubwa zaidi palepale, Fort Pitt, ambapo leo ni mji wa Pittsburgh, na vita ilipoisha hawakuondoka.

Quebec ikaanguka 1759, Montreal 1760, na tarehe 10 Februari 1763 mkataba wa Paris ukasainiwa, Mfaransa akamwachia Mwingereza Canada na ardhi yote ya mashariki ya mto Mississippi isipokuwa New Orleans. Wenyeji hawakuwepo mezani wala hawakutajwa kama wenye nchi. Kumbe miaka miwili kabla, kiongozi wa Waojibwa aliyeitwa Minavavana alishamwambia mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza waziwazi kwamba mmewashinda Wafaransa lakini sisi hamjatushinda. Jenerali Amherst, mkuu wa majeshi ya Uingereza huko Amerika, hakusikia hayo, akakata zawadi na kubana baruti ambazo kwa wenyeji zilikuwa ndo alama ya urafiki na ndo chakula, maana bila baruti huwindi. Mei 1763 Pontiac wa Waottawa akaizingira ngome ya Detroit, ngome nyingine zikaanguka moja baada ya nyingine, na pale Fort Pitt mwezi Juni Waingereza wakawapa wajumbe wa Wadelaware mablanketi yaliyotoka hospitali ya wagonjwa wa ndui. Inauma kuandika lakini imo kwenye kumbukumbu zao wenyewe.

London walikuwa wameshaanza kupanga mpaka, habari za vita hii zikawafanya waharakishe. Hela zilikuwa zimeisha, deni la vita lilikuwa kubwa mno, kila setla anayevuka mlima anaweza kuwasha vita nyingine ya kulipia.

Na ndani ya Tangazo, ukiacha mstari wenyewe, kuna kipengele ambacho mi naona kina uzito kuliko mstari: mtu binafsi haruhusiwi kununua ardhi ya wenyeji, wakitaka kuuza watauza kwa mfalme tu, kwenye mkutano wa wazi ulioitishwa kwa kazi hiyo. Kiangalie pande zote mbili. Upande mmoja mfalme anakubali kimaandishi kwamba ile ardhi wanayo wao mpaka waiachie wenyewe, upande wa pili anasema yote iko chini ya mamlaka yake na mnunuzi ni yeye peke yake, na ukiwa na mnunuzi mmoja unajua bei inapangwa na nani.

Mstari wenyewe haukushika. Masetla waliendelea kuvuka, Washington mwenyewe 1767 alimwandikia rafiki yake William Crawford kwamba lile tangazo analiona ni la muda tu la kuwatuliza wenyeji, akamwomba amtafutie ardhi nzuri huko. 1768 pale Fort Stanwix Wairoquois, muungano wa mataifa ya wenyeji wa kaskazini, wakauza nchi ya kusini ya mto Ohio ambayo waliokuwa wanawinda humo ni Washawnee. Askari wa kubaki Amerika walihitaji kulipwa, makoloni yakaletewa kodi ya stempu 1765, yaani kodi ya karatasi za kisheria na magazeti, halafu 1774 London ikaiweka nchi ya kaskazini ya mto Ohio chini ya Quebec, masetla wakaona wamepigania ardhi ambayo sasa anapewa yuleyule waliyempiga. 1776 walipotangaza uhuru, kubanwa kwenye ardhi mpya ni moja ya malalamiko waliyoyaandika dhidi ya mfalme.

1783 mkataba mwingine, tena Paris, Mwingereza akaikabidhi Marekani nchi ileile na wenyeji kwa mara ya pili hawakuitwa. Walipigana, 1791 waliua zaidi ya askari 600 wa jenerali St. Clair kwa asubuhi moja, lakini wakashindwa 1794 na mwaka uliofuata pale Greenville wakaachia sehemu kubwa ya Ohio.

Marekani mstari ulikufa ila kanuni ya mnunuzi mmoja ikabaki, mahakama ya juu kabisa ya nchi ikaithibitisha 1823. Canada ndo Tangazo linaishi kabisa, limetajwa kwa jina kwenye kifungu cha 25 cha sehemu ya haki za raia ya katiba ya 1982, na kabla ya hapo, 1973, Wanisga'a, wenyeji wa jimbo la British Columbia huko magharibi, walifika mahakama ya juu kabisa wakidai nchi yao haijawahi kuuzwa kwa mtu. Majaji waligawanyika kama Tangazo linafika mpaka pwani ya Pasifiki, na Wanisga'a kesi wakaikosa, lakini majaji sita kati ya saba walikubali kwamba haki ya wenyeji juu ya ardhi ipo kisheria, serikali ikalazimika kurudi mezani, na mkataba wa Wanisga'a ukaanza kufanya kazi mwaka 2000.